Mkosaji mmoja, kwenye fremu wako tisa: kamera ya kifungo ndani ya soba hausi

Kwanza niseme hivi

Majina yote nimetoa, mji sitautaja zaidi ya kusema ni Pwani ya Kenya, na vitu vya pembeni kama umri, kazi za watu na pesa nimevigeuza makusudi ili hata jirani yao akisoma asijue ni nani. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, si wakili, niliitwa safari ikiwa imeshaanza, kwahiyo kuna sehemu nilikuwepo na kuna sehemu nimesimuliwa, na kila mtu alisimulia akijipendelea kidogo, nami pia humu huenda najipendelea.

Usuli

Kuna mama mjane, anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Kijana wake unga ulimchukua miaka sita, ameuza kila kitu ndani mpaka sufuria za biashara. Akaambiwa na watu kuna soba hausi nzuri, yaani nyumba ya kuachishia watu unga, yule mwenye nayo mtu wa dini, watoto wanatoka wamenyooka. Akakopa kwenye chama akalipa elfu 18 kwa mwezi. Kijana akarudi baada ya wiki 10 na kweli arosto, yale maumivu ya kuacha unga, ilishaisha, anakula, analala, lakini kwenye vifundo vya miguu vyote viwili ana kovu la duara, kama mbuzi aliyefungwa kamba msimu mzima. Akiulizwa anatoka nje anaenda kukaa barazani, hasemi.

Mama akaenda kuripoti, akaambiwa amlete kijana mwenyewe aandikishe, kijana akakataa kabisa hata kutajwa. Ndo mama akampigia mwandishi mmoja wa kike ambaye alimjua tangu mtoto, anamuita mwanangu. Huyu dada si wa shirika kubwa, anauza stori zake kwa chaneli ndogo ya mtandaoni, ana kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari, na hiyo kadi nitairudia huko mbele manake ilikuja kuwa na maana.

Kitu kizuri walichofanya, na watu wengi hawafanyi, hawakukimbilia kamera ya siri. Walianza mlango wa mbele. Waliandika barua kuomba kutembelea, wakaitwa siku maalum, wakakuta uani pamefagiliwa na vijana wamevaa tisheti mpya wanasoma kaswida, hakuna mlango uliofungwa isipokuwa mmoja ambao waliambiwa ni stoo. Wakatafuta watu waliowahi kukaa pale, wakapata watatu, wote wakasimulia mnyororo, na wote watatu wakakataa kuonekana. Zote hizi, barua, tarehe, nani alipigiwa lini, dada aliandika kwenye daftari. Hilo daftari ndo liliwaokoa.

Yaliyotokea ndani

Walirudi wiki tatu baadaye, dada na kameramani, wakijifanya ni mtu na binamu yake wanatafuta pa kumpeleka ndugu yao. Kamera ilikuwa kwenye kifungo cha shati la kameramani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Huyo ndugu yenu anatumia unga peke yake ama anachanganya na vidonge?"

Wakaongea bei, wakaongea chakula, alafu dada akauliza, na akileta fujo je mzee. Yule mzee akacheka. "Hapa fujo haiko. Wiki mbili za kwanza analala na bangili." Bangili. Hakuna mtu alimlazimisha kusema, hakuna mtu alimtega na swali la ujanja, alikuwa anauza huduma yake na aliona hiyo ni sifa.

Akawatembeza mwenyewe. "Stoo" ikafunguliwa: vijana tisa kwenye mikeka, watatu wamefungwa mguu mmoja kwenye bomba la chuma linalopita ukutani. Aliyekuwa karibu na mlango akamuangalia kameramani kifuani, nadhani alishatambua, akanong'ona: "Kaka, kama unarekodi, rekodi. Watu waone."

Wakati wa kutoka walipita nyuma, kulikuwa na duara la vijana wanapeana ushuhuda wa maisha yao, mmoja akawa anasema anakunywa dawa za virusi vya UKIMWI na hajamwambia mkewe. Wakapita pia sehemu ya kuogea ambayo haina mlango. Kameramani hakuzima, anasema aliogopa kushika shati. Jumla ikawa dakika 52.

Maamuzi, na kwanini

Usiku ule wakanipigia. Mhariri wa chaneli alikuwa na haraka, ametoa macho, anasema hii ni bomu. Tulikaa mpaka saa nane na nusu usiku na maamuzi yakawa haya.

Kameramani alitaka arudi na kamera ya sura ya chaja, aiache kwenye soketi ya kile chumba ilale pale. Tukakataa. Kurekodi mazungumzo ambayo wewe mwenyewe ni mhusika, umesimama pale unaonekana, ni jambo moja. Kuacha jicho chumbani kwa watu wanapolala, wewe umeshaondoka, ni jambo jingine kabisa, hapo hata ukienda mbele ya kamishna wa ulinzi wa data na mahakama huna cha kujishikilia, hasa ukizingatia tayari walikuwa na ushahidi wa kutosha. Ukishapata unachohitaji, cha ziada kinahesabiwa dhidi yako.

Duara la ushuhuda na bafu vikakatwa vyote, sio kuwekwa ukungu, kukatwa. Hapa sikutaka mjadala. Hali ya afya ya mtu ni taarifa nyeti kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya virusi ina sheria yake peke yake tangu 2006, ambayo imeunda hadi mahakama maalum ya kusikiliza malalamiko hayo tu. Na hata ukiacha sheria, yule kijana na mkewe hawahusiani kabisa na bangili.

Sura ya mzee ndo ilituchelewesha. Mhariri: "Sasa tunamlinda mkosaji?" Mimi nilishikilia kwamba mzazi anayetafuta pa kumpeleka mtoto anahitaji kujua jina la kituo, hahitaji pua ya mzee. Nikawapa mfano wa Uswisi: waandishi wa televisheni walimrekodi kwa siri dalali wa bima mwaka 2003 kuonyesha anavyopotosha wateja, wakapigwa faini kwao, wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na tarehe 24 Februari 2015 wakashinda. Sababu kubwa mojawapo ni kwamba walificha sura yake na kubadilisha sauti, stori ilikuwa ya tabia ya biashara ile, si ya mtu mmoja. Hiyo hukumu haifungi mahakama zetu, lakini hoja yake inabebeka. Tukakubaliana: kituo kitajwe, maneno ya mzee yasikike, sura iwe na ukungu.

Wale tisa, wote ukungu mzito, sauti zisomwe upya na mtu mwingine. Na hapa mhariri akauliza swali zuri: huyu aliyesema rekodi je? Si amekubali mwenyewe? Nikasema hapana, naye afichwe, lakini nakiri nilijibu haraka haraka, sikueleza vizuri kwanini, na hiyo ilinigharimu.

Mwisho mzee akapigiwa, wakajitambulisha kwa ukweli safari hii, akatumiwa maswali na kupewa siku tano. Alijibu: wale ni wagonjwa, wanafungwa kwa usalama wao, na familia zimesaini fomu. Jibu lake likaingia kwenye filamu neno kwa neno.

Klipu ya sekunde 40

Filamu ya dakika 14 ilitoka Alhamisi na haikuwa na shida. Shida ilitoka kwa kijana wa attachimenti (mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi) anayeshika mitandao, aliyeambiwa atengeneze kitu kifupi cha Tiktok cha kuvuta watu. Hakuna aliyemwambia kuhusu ule usiku wetu. Akaingia kwenye folda ya pamoja, akakuta faili mbichi za kameramani, akachukua ile ya mlangoni, akaikata wima, akaandika maneno makubwa juu kuhusu mateso. Sura ya kijana inaonekana sekunde nne, wazi, na mnong'ono wake upo na sauti yake mwenyewe.

Ilipanda saa moja jioni. Mhariri aliiona saa tatu usiku, na hapa nataka watu waelewe, hakuiacha kwa kutojua. Aliiacha kwa hesabu: kijana amesema rekodi, sauti ipo, klipu inakimbia, na watu wakiiona watakasirika, na wakikasirika serikali itaenda. Hesabu haikuwa ya mtu mbaya. Ilishushwa kesho yake saa sita mchana baada ya dada wa yule kijana kupiga simu analia, na muda huo ilishafika kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ya watu wa bara.

Matokeo

Wakaguzi wa serikali walifika wiki ya pili, kituo kikafungwa na vijana wakarudishwa makwao.

Mzee naye akaleta barua ya wakili yenye vitisho vitatu. Cha kwanza, kuingia mali ya mtu kwa udanganyifu. Cha pili, fidia ya kuchafuliwa jina. Cha tatu, kwamba waandishi watashtakiwa jinai kwa kuchafua jina na kufungwa, na hiki ndo kilimkosesha dada usingizi siku nzima mpaka nilipomwambia Mahakama Kuu iliitupa jinai ya kuchafua jina tangu Februari 2017 kwamba inapingana na katiba, kwahiyo hiyo ni paka wa karatasi. Fidia ya madai ipo bado, lakini ana miezi 12 tu ya kufungua kesi tangu kuchapishwa, na atakutana na bangili yake mwenyewe kwenye ushahidi. Wakili wa chaneli alijibu barua kwa ukurasa mmoja. Miezi 12 ikapita kimya.

Kijana wa mlangoni ndo kesi ya kweli. Klipu ilimtoa, hilo lazima lisemwe, ndugu zake walimfuata siku ileile. Lakini kazini alikuwa ameaga kwamba anaenda kumuuguza mzazi, bosi akaona klipu, akaachishwa. Kulikuwa na posa njiani, upande wa mwanamke wakasema wasubiri kwanza. Mtaani akawa anaitwa Bangili. Baada ya miezi miwili akapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chaneli ikaandikiwa na kupewa siku 21 kujibu, na ofisi ile ina siku 90 za kumaliza malalamiko. Kabla hazijaisha wakakubaliana kwa usuluhishi: fidia (kiasi ni siri yao), barua ya kuomba radhi isiyochapishwa, kufuta, na kuthibitisha kwa maandishi kwamba faili mbichi zimefutwa kila mahali.

Uchambuzi

Watu wakisikia maslahi ya umma wanafikiri ni kama paspoti, ukiwa nayo unapita popote na chochote. Katiba ya 2010 haikuandika hivyo. Kifungu cha 33 na 34 vinampa mwandishi uhuru, lakini 33 hiyohiyo inamwambia aheshimu haki na heshima za wengine, na cha 31 kinamlinda mtu dhidi ya mambo yake ya faragha na ya familia kufichuliwa *bila ulazima*. Neno zima la kisa hiki ni hilo. Ulazima. Na ulazima haupimwi kwa stori nzima kwa pamoja, unapimwa kwa kila kichwa kilichoko kwenye fremu. Chukua ile picha ya mlangoni uipitie mtu mmoja mmoja. Mzee: anaendesha biashara, anachukua pesa za watu, anafunga binadamu kwenye bomba, umma una haja ya kujua, anapita. Bomba na mnyororo: zinapita, tena karibu sana, zionyeshwe vizuri. Mguu wenye mnyororo: unapita kama hauna alama ya kumtambulisha mwenye mguu. Uso wa mwenye mguu: umma unapungukiwa nini usipouona? Hakuna. Basi haupiti, hata kama stori ni kubwa kiasi gani.

Kwa upande wa mzee chaneli ilisimama imara, na sio kwa sababu mzee ni mbaya. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa mchapishaji nafuu akiwa na sababu ya msingi kuamini kwamba uchapishaji ni kwa maslahi ya umma na kwamba kufuata masharti ya kawaida, mfano kumuomba mzee ruhusa, kungeua kazi yenyewe. Lakini kuna sharti ambalo wengi wanaopost mambo hawalijui: hiyo nafuu ya maslahi ya umma inashika tu ukionyesha ulifuata kanuni za maadili za kazi hiyo. Na kanuni za Baraza la Vyombo vya Habari, zilezile ambazo kadi ya dada inamfunga nazo, zinasema ujanja na kujifanya mtu mwingine ni kwa maslahi ya umma tu na pale ambapo hakuna njia nyingine ya kupata habari. Sasa rudi kwenye lile daftari. Barua, siku ya tisheti mpya, watu watatu waliokataa kuonekana. Ilikuwa ni orodha ya njia nyingine zote zilizojaribiwa zikagonga ukuta. Mtu mwenye simu tu, ambaye hana kanuni yoyote anayojifunga nayo wala daftari, anaweza kurekodi kitu kilekile na akakosa hiyo nafuu, na sipendi kuwaambia watu hivi lakini ndo ilivyo.

Kuhusu kuingia kwa uongo, watu huuliza sana. Marekani kuna kesi maarufu, watu wa televisheni ya ABC mwaka 1992 walijipatia kazi kwenye supamaketi za Food Lion kwa wasifu wa uongo wakarekodi nyama, jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani (juri) likawapiga zaidi ya dola milioni 5 za adhabu, na mwisho wa rufaa mwaka 1999 ikabaki dola 2. Dola 2 lakini sio sifuri, kosa la kuingia lilibaki. Rufaa ilipunguza bei ya kosa, haikulifuta.

Tuje kwa kijana. Jibu ambalo ningempa mhariri usiku ule, kama ningekuwa nimelala vizuri, ni hili. Ridhaa kisheria iwe ya hiari, iwe ya jambo mahsusi, mtu awe ameelewa, na anayedai aliipata ndiye wa kuithibitisha. Mtu aliyefungwa mguu, hajui wewe ni nani, hajui itaenda wapi, yuko siku ya nne ya arosto, atakubali chochote kinachofanana na mlango. Na hata angekuwa huru kabisa, ridhaa inaweza kuondolewa, sasa klipu iliyoshafika magrupu ya bara unaiondoa na nini? Kwenye usuluhishi kijana hakukana maneno yake hata kidogo. Alimuangalia mhariri akamwambia: "Nilisema watu waone. Sikusema watu wanione." Mhariri akainamisha kichwa, na mimi pia.

Inauma kwa sababu maneno yake yalikuwa ushahidi mzito kuliko wote, na hakuna aliyesema yatupwe. Kwenye filamu ndefu yalikuwepo, yamesomwa na mtu mwingine, mguu na bomba vinaonekana, na ilitosha. Sura haikuongeza ushahidi, iliongeza watazamaji.

Makosa mengine ni ya kibaridi tu lakini ndo yanayoangusha wengi. Folda moja ya kila mtu, faili mbichi na zilizohaririwa pamoja. Kijana wa attachimenti hakuwepo kwenye kikao, na kila mtu alimlaumu yeye wiki nzima, mimi naona si haki, yeye alipewa kazi bila kupewa mipaka. Na mimi: niliulizwa kuhusu filamu nikajibu kuhusu filamu, sikuuliza hata mara moja tangazo lake litatengenezwa na nani na kutoka wapi, wakati leo watu wengi wanaona tangazo tu, filamu hawafiki. Kama kesi ingeenda hadi mwisho, faini ya kiutawala ingeweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo, na sio ya kutishia tu: mwaka 2023 shule moja Nairobi ilipigwa 4,550,000 kwa kupost picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi na klabu moja 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuja kujivinjari. Hao wala hawakuwa na maslahi ya umma ya kujitetea, lakini unaona sura ya mtu ina bei.

Kwa walioko Bongo, maana klipu hii ilizunguka sana hadi Tanga, msingi unafanana ingawa vifungu ni vingine: katiba yenu inalinda faragha kwenye ibara ya 16 na uhuru wa maoni kwenye ya 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na ina tume yake. Msichukue kifungu chetu cha 52 mkakiweka kwenye barua ya huko, someni yenu.

Mama muuza mahamri, kijana wake hakuonekana popote, si kwenye filamu si kwenye klipu, na dada mwandishi mpaka leo akipita pale anapewa mahamri ya bure. Kameramani alikuja na memori kadi na simu yake, tukafuta mbele ya wote na akasaini. Mhariri akafuta folda na nakala ya mtandaoni. Ile klipu bado ipo kwenye ukurasa mmoja wa vichekesho, wameiwekea mziki, dada wa kijana wa mlangoni amesharipoti mara tatu.